Mtoto akishikwa: karatasi ya umri kwanza, pesa baadaye

Mtoto akishikwa na polisi, mzazi wa Lamu au Malindi hukimbilia mambo mawili: pesa, na mtu anayejuana na askari. Yote mawili yangoje. Fungua kabati utoe cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, toa kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo. Kama nayo imeliwa na mchwa, tafuta kadi ya ubatizo, barua kutoka rejista ya shule, au daftari la madrasa lenye mwaka alioingia chuoni. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua mtoto analala wapi usiku huo, anapelekwa mbele ya mahakama gani, na wakati mwingine kama kuna kesi yenyewe.

Sheria inayotawala mambo haya nchini Kenya ni Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai 26 mwaka huo na kuiondoa ile ya 2001. Badiliko lake kubwa ni la umri. Zamani mtoto wa miaka 8 aliweza kushtakiwa kwa jinai. Sasa aliye chini ya miaka 12 hana jinai kabisa, hata angefanya nini. Aliyetimiza 12 lakini hajafika 14 huchukuliwa kuwa hajui kupambanua jema na baya, mpaka mahakama iridhike kwa ushahidi kwamba huyu alijua. Mzigo wa kuleta ushahidi huo ni wa upande wa mashtaka. Haumtaki mtoto athibitishe ujinga wake. Na kwamba alikimbia alipoona askari, mimi sioni kuwa hilo peke yake linatosha: watoto hukimbia hata wakiitwa na mwalimu.

Pima basi tofauti. Kijana aliyeiba simu Mambrui akiwa na miaka 11 na miezi 10 hapelekwi mahakamani kama mhalifu. Anaweza kuwa mtoto anayehitaji malezi na ulinzi, na hiyo ni kazi ya afisa wa watoto, si ya mwendesha mashtaka. Akiwa na miaka 12 na miezi miwili, faili linafunguliwa. Miezi minne tu, na askari hawezi kuiona usoni mwa mtoto.

Ndiyo maana ukosefu wa cheti unaumiza sana huku kwetu. Watoto wengi wa visiwani, wa vijiji vya Waaweer (Waboni) na wa bara ya Malindi huzaliwa nyumbani kwa mkunga, na cheti hutafutwa siku mwalimu atakapokidai kwa ajili ya mtihani. Hapo tarehe huandikwa kwa kukisia. Mara nyingine mtoto hupunguzwa mwaka, mara nyingine huongezwa, na mwaka huo wa uongo unarudi kumshika siku ya kesi. Pasipo karatasi, polisi au mahakama humpeleka hospitali kukadiriwa umri. Daktari wa meno hutazama meno yaliyoota na yasiyoota, hasa magego ya mwisho, au hupigwa eksirei ya kifundo cha mkono kuangalia mifupa kama imeshaungana. Kipimo hiki hakitoi siku ya kuzaliwa. Kinatoa kiasi, na kiasi hicho kina pengo la miaka kwenda juu au chini. Ripoti ikisema "kati ya 17 na 19", muombe wakili au afisa wa watoto aieleze mahakama kwamba shaka hiyo yafaa imwangukie mtoto, kisha umlete mkunga au jirani aliyezaa msimu huo huo aseme: alizaliwa kusi la mwaka fulani, siku chache baada ya Maulidi. Ushahidi wa mama mzazi una uzito. Usione haya kuutoa.

Umri unaotazamwa kwa swali la jinai ni wa siku tendo lilipotendeka, si wa siku aliyoshikwa. Andika tarehe hizo mbili kwenye karatasi moja na uende nayo.

Saa 24 na Ijumaa yake

Katiba ya 2010, ibara ya 49, inataka mtu aliyeshikwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Lakini ina kifungu ambacho watu hawakisomi: saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa mahakama, au siku isiyo ya mahakama, muda husogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Anayeshikwa Ijumaa baada ya swala anaweza kisheria kukaa hadi Jumatatu jioni. Kwa mtoto hizo ni siku tatu kituoni. Hivyo ukipigiwa simu Ijumaa, kazi yako ni kuomba bondi ya polisi, yaani aachiliwe kwa ahadi ya kurudi, kabla afisa wa zamu hajabadilishwa. Bondi ya polisi hailipiwi. Ukiambiwa utoe chochote ambacho huandikiwi risiti, hiyo si bondi.

Ibara ya 53 inasema mtoto asizuiliwe isipokuwa kama hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, mbali na watu wazima, na katika hali inayozingatia umri na jinsia yake. Mbali na watu wazima maana yake ni chumba kingine. Kona ya selo ile ile haihesabiki. Baadhi ya vituo nchini vina dawati au kitengo cha watoto, vingi havina. Kituo kidogo chenye selo mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, humkalisha mtoto kwenye benchi la ripoti usiku kucha, na kusema kweli benchi hilo ni afadhali kuliko selo. Muulize mkuu wa kituo, kwa adabu, atamweka wapi, na uulize mbele ya mtu mwingine.

Ukiwa kituoni, chukua haya na uyaandike: nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), jina la afisa mchunguzi, kosa analodaiwa, na saa aliyoshikwa. Saa aliyoshikwa ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kwa mtoto aliyeshikwa Kizingitini au Kiunga, kuna saa za baharini za kumleta Lamu, na kitabu kinaweza kuonyesha saa aliyofika gatini badala ya saa aliyokamatwa. Kusi likiwa kali au maji yakiwa yametoka Mkanda, boti hungoja, na saa za mtoto zinaendelea kuhesabiwa. Kama kuna shahidi aliyemuona akikamatwa, pata jina lake na simu yake.

Polisi wanapaswa kumjulisha mzazi na afisa wa watoto mapema. Usikae ukidhani wamefanya hivyo. Mpigie afisa wa watoto wa kaunti ndogo wewe mwenyewe, au piga 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto, saa yoyote.

Halafu kuna jambo la maelezo. Watu wazima humwambia mtoto: sema kweli, tukurudishe nyumbani. Mtoto wa miaka 14 aliyeshinda na njaa atasema lolote litakalomrudisha nyumbani. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, inasema kukiri kosa hakuna nguvu mpaka kufanyike mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kisichopungua inspekta ambaye si yule anayechunguza kesi, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Mzazi anaweza kuwa mtu huyo. Kwa hiyo mwambie mwanao maneno machache anayoweza kuyakumbuka: jina langu ni hili, nimezaliwa mwaka huu, nitasema mama akiwapo. Asitukane, asidanganye, asisaini kitu ambacho hakusomewa kwa lugha anayoielewa.

Maslaha si uchepushaji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pwani yetu inapoteleza zaidi.

Sisi tuna desturi ya kumaliza mambo. Wazee wa mtaa hukaa, imamu au mchungaji huitwa, aliyekosa huomba radhi, kitu hurudishwa, watu hupeana mikono. Hiyo ni maslaha, na katika mambo madogo ni hazina ambayo miji mingine imeipoteza. Mtoto aliyepanda mnazi wa jirani akaangua madafu kumi hana haja ya kuonana na hakimu. Katiba yenyewe, ibara ya 159, inahimiza njia za jadi za kusuluhisha, mradi zisivunje haki.

Sheria ya Watoto ina njia yake inayofanana na hiyo, nayo huitwa uchepushaji: kesi ya mtoto inachepushwa kutoka mkondo wa mahakama kabla haijamzamisha. Polisi, mwendesha mashtaka au mahakama inaweza kuitumia. Masharti ni manne kimsingi. Mtoto akubali kuhusika kwa hiari bila kushurutishwa. Awe ameelezwa kwamba ana haki ya kunyamaza. Uwepo ushahidi wa kutosha kwamba kungekuwa na kesi. Na mzazi au mlezi akubali. Kisha hupangwa mambo ya kufanya: barua ya kuomba radhi, kurudisha kitu au kufidia, kuhudhuria shule bila kukosa, kuwa nyumbani saa fulani na familia, kutokaa na marafiki fulani, kuripoti kwa mtu aliyetajwa, ushauri nasaha, au kazi ya bure kwa jamii. Kunaweza pia kuitwa kikao cha familia ambapo aliyekosewa anapata nafasi ya kusema alivyoumia. Nafasi hiyo ina thamani kubwa. Mtoto aliyetazamana na mama muuza samosa aliyemwibia hukumbuka zaidi kuliko aliyechapwa.

Tofauti na maslaha ya baraza ni kwamba uchepushaji una karatasi, una mwisho, na una mtu anayefuatilia. Sulhu isiyoandikwa hufufuka. Miezi sita baadaye watu wanagombana kwa jambo lingine, mlalamishi anarudi kituoni, na mtoto anashikwa kwa kosa lile lile ambalo baba alishalilipia. Mkipatana, basi patano liende kwa afisa wa watoto au mwendesha mashtaka, liandikwe, lifungwe.

Uchepushaji nao una magonjwa yake. La kwanza, mtoto asiye na kosa anakubali ili aende nyumbani. Afisa mwangalifu huuliza mtoto aeleze mwenyewe alichofanya, bila kumlisha maneno, na akiona maelezo hayalingani na malalamishi hurudisha faili. La pili, masharti yanayoandikwa na mtu asiyejua bahari. Kumtaka mtoto wa Faza aripoti Lamu kila wiki ni kumwandalia kushindwa: nauli ya boti kwenda na kurudi ni chakula cha nyumba nzima, na akikosa mara mbili anaonekana mkaidi, kesi inarudishwa mahakamani. Omba aripoti kwa chifu au mwalimu mkuu wa huko huko, naye atume taarifa. La tatu, mzazi analipa fidia yote papo hapo na mtoto hahusiki na lolote. Afadhali mtoto alipe sehemu kwa kazi yake, hata kama ni kubeba maji ya mlalamishi Jumamosi nne.

Na kuna mambo ambayo maslaha hayaruhusiwi kuyagusa. Kunajisi, yaani kufanya ngono na aliye chini ya miaka 18, na makosa mengine ya kingono hayamalizwi barazani kwa mbuzi, kwa pesa wala kwa ndoa. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 familia haina mamlaka ya kuifuta kesi, hata pande zote zikitaka. Mamlaka hayo yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mzee anayesimamia sulhu ya namna hiyo anamuumiza mara ya pili mtoto aliyetendewa, na anajiweka mwenyewe hatarini. Hili nalisema bila kupunguza.

Lakini upande wa pili wa sheria hiyo unahitaji kujulikana pia. Kijana wa miaka 16 na msichana wa 15 walioingia katika mapenzi hujikuta katika faili la kunajisi, naye mvulana ndiye anayeshtakiwa. Kwa mtu mzima, kosa dhidi ya msichana wa miaka 12 hadi 15 lina kifungo kisichopungua miaka 20. Kifungu cha 8(7) kinasema mshtakiwa akiwa chini ya miaka 18 hashughulikiwi kwa vifungo hivyo, bali kwa Sheria ya Watoto na ile ya taasisi za bostali, yaani vituo vya kurekebisha vijana waliokosa. Mahakama Kuu zimetofautiana kuhusu kumshtaki mvulana peke yake: Eldoret mwaka 2014 haikuona ubaguzi, Homa Bay mwaka 2017 iliuona. Mzazi mwenye kesi ya namna hii asiingie mahakamani bila wakili.

Mbele ya hakimu

Mahakama ya watoto si jengo jingine, si Lamu si Malindi. Mara nyingi ni hakimu aliyeteuliwa kusikiliza kesi za watoto, katika chumba kingine au saa tofauti na za watu wazima. Umma hauingii. Jina na picha ya mtoto havichapishwi, na hilo linahusu pia ukurasa wako wa Facebook na kundi la WhatsApp la mtaa. Anayesambaza video ya mtoto aliyefungwa kamba kwa kuiba kuku anavunja sheria hiyo hiyo anayodai kuilinda.

Shitaka la mauaji huenda Mahakama Kuu. Na mtoto akiunganishwa na mtu mzima katika karatasi moja ya mashtaka, kesi inaweza kutoka mahakama ya watoto. Hapo ndipo cheti cha kuzaliwa kinapohitajika tena, kwa sababu katika foleni ya washtakiwa watano mmoja wao kuwa na miaka 15 hupita bila kuonwa. Msimamo wangu ni kwamba wakili aombe mashtaka yatenganishwe mapema iwezekanavyo.

Siku ya kwanza mtoto husomewa shitaka na kuulizwa kama ni kweli. Neno "ni kweli" limewaponza wengi. Mtoto wa Kibajuni, Mgiriama au Muorma husikia Kiswahili cha mahakama kama kitu cha mbali, akaitikia ili yaishe. Utaratibu unataka shitaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, ajibu, kisha maelezo ya kosa yasomwe, na aulizwe tena kama maelezo hayo ni sahihi. Akiongeza neno linalopinga, kama "nilichukua ile baiskeli, lakini alinipa niende nayo Shela", hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Kwa hiyo mtoto aseme sentensi nzima, asikate katikati. Na akihitaji mkalimani, omba kabla ya kusomewa, kwa karani wa mahakama asubuhi.

Wakili: ibara ya 50 ya Katiba inampa mshtakiwa haki ya wakili wa serikali pale dhuluma kubwa ingetokea bila yeye. Kwa mtoto ni vigumu kufikiria kesi nzito ambapo isingetokea. Hakimu anaweza kuagiza apatiwe wakili, na ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Lakini mara nyingi jambo hili haliji lenyewe. Simama, sema: mtoto huyu hana wakili, tunaomba apatiwe. Maneno hayo yakiandikwa katika kumbukumbu za mahakama, yatasaidia hata kwenye rufaa.

Kisha dhamana. Kanuni ni kwamba mtoto aende nyumbani. Kinachomzuia mara nyingi si kosa, ni kwamba hakuna aliyefika kumchukua. Hakimu hana pa kumpeleka mtoto ambaye mbele yake hakuna mama, baba, shangazi wala mjomba. Humpeleka rimandi ya watoto, yaani nyumba ya kuwazuilia wanaongoja kesi. Kwa Lamu ya karibu zaidi iko Malindi: boti hadi Mokowe, kisha barabara kupitia Witu na Garsen, zaidi ya kilomita 200. Mama anayeuza mahamri Langoni hawezi safari hiyo kila wiki mbili. Kesi ikitajwa, mtoto husafirishwa kurudi Lamu, na gari au mafuta yakikosekana, kesi huahirishwa. Kila kuahirishwa kunakula shule. Nimeliweka wazi hili kwa sababu ndilo jibu la wanaouliza kwa nini mtoto wa kosa dogo anakaa ndani muda mrefu kuliko mtu mzima wa kosa kubwa: mtu mzima alikuwa na mdhamini.

Kama baba yuko baharini na mama yuko hospitali, atumwe ndugu mzima mwenye kitambulisho na barua ya chifu inayosema anaishi wapi na ana uhusiano gani na mtoto. Barua hiyo ya nusu ukurasa imewatoa watoto wengi.

Ripoti ndiyo inayosema zaidi kuliko wakili

Mahakama ikiona mtoto ametenda kosa, haitumii maneno "kutiwa hatiani" wala "kuhukumiwa kifungo". Sheria imeyakataza kwa mtoto. Huandika kwamba imeona ametenda, kisha hutoa amri. Kabla ya amri huagiza ripoti ya afisa wa watoto au afisa wa probesheni (anayewasimamia walioamriwa kukaa nje chini ya uangalizi). Afisa huja nyumbani, huongea na mwalimu, na jirani, na aliyekosewa. Hutazama mtoto analala wapi, nani anamlisha, kwa nini aliacha shule.

Wazazi huipamba nyumba siku hiyo. Wanakosea. Afisa akiambiwa kila kitu ni sawa, ataandika kwamba mtoto alikosa bila sababu, na hiyo ni mbaya zaidi kwa mtoto kuliko ukweli. Kama baba anatumia unga, yaani dawa za kulevya, sema. Kama mtoto alianza kulala ufukweni baada ya mama kuolewa tena, sema. Kisha sema mpango: atahamia kwa bibi yake Witu, shule imekubali kumpokea, fundi wa kuchonga milango amekubali kumfundisha jioni. Mpango wenye majina ya watu waliokubali kwa hakika ndio unaomrudisha nyumbani. Ahadi tupu afisa huzijua.

Amri zenyewe ni nyingi. Mtoto anaweza kuachiliwa, kukabidhiwa mzazi au mtu mwingine anayefaa, mzazi kuamriwa kulipa fidia, kuwekwa chini ya probesheni kwa muda usiopungua miezi 6 wala kuzidi miaka 3, au kupelekwa shule ya kurekebisha tabia. Kwa wavulana iliyo karibu nasi ni ya Likoni. Wasichana hupelekwa mbali, bara, kama Kirigiti huko Kiambu au Dagoretti. Kijana aliyetimiza miaka 15 lakini hajafika 18 anaweza kupelekwa bostali kwa miaka mitatu. Ya pwani ni Shimo la Tewa, karibu na Mtwapa. Hanyongwi, hafungwi gerezani, hachapwi viboko. Haya matatu sheria imeyafunga.

Bostali ina mtego wa kalenda. Mlango wake ni chini ya miaka 18. Kesi iliyoanza kijana akiwa na 16 na ikaburutwa miaka miwili humkuta ameshavuka, na mahakama inabaki na chaguo chache. Kila anayeomba kesi iahirishwe, awe ni wakili wa mtoto mwenyewe, aulizwe mtoto ana miezi mingapi iliyobaki.

Kama hamkuridhika na amri, rufaa hukatwa ndani ya siku 14. Zikipita, mnaweza kuomba ruhusa ya kukata nje ya muda, lakini mtaulizwa mlikuwa wapi. Ombeni nakala ya kumbukumbu za kesi siku ile ile ya amri. Mahakama Kuu pia ina mamlaka ya kuliangalia faili la mahakama ya chini na kurekebisha kosa la wazi, na mara nyingine barua moja ya kueleza kwamba mtoto wa miaka 11 ameshughulikiwa kama mhalifu inatosha kulifungua.

Jambo moja nililiacha nyuma kwa makusudi, nalo ni mzazi anayempeleka mtoto polisi kwa mkono wake. "Mwanangu kanishinda, mfungeni mpaka ashike adabu." Anadhani ni wiki mbili za kumtisha. Kile anachoanzisha hakina breki: faili la mtoto anayehitaji ulinzi, rimandi Malindi pamoja na watoto wenye makosa mazito, ripoti inayosema mzazi amemkataa, na mwishoni shule ya kurekebisha tabia kwa mtoto ambaye hakuiba hata sindano. Akijuta na kutaka kumtoa, anakuta hana tena mamlaka. Mahakama ndiyo inayoamua. Mtoto akikushinda, nenda ofisi ya watoto, si kituo cha polisi. Keti na afisa, uombe aitwe, aongee naye. Kama anatumia unga, mpeleke hospitali.

Mtoto aliyepelekwa mbali naye ana siku ya kurudi. Jua tarehe hiyo miezi mitatu kabla. Mwandikie mwalimu mkuu umuulize mtoto atarudi darasa gani, na upate jibu la maandishi. Panga nani atamchukua, kwa sababu kijana anayeachiwa mlangoni Mtwapa bila nauli ya Lamu ataishia stendi. Ongea na yule aliyekosewa kabla hajamuona kijana ghafla njiani. Na mtafutie nguo za kimo chake cha sasa: aliondoka na miaka 15, atarudi na 18, na kanzu aliyoiacha haitamfika magotini.